Somo: changu kwa mshipi wa mkono, maji yakiwa meupe, yaani maangavu (Malindi)

Kila kaskazi ikiingia napata swali lile lile, maji meupe, changu tunawaona kwa macho, mbona hawali? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, haya hapa yote, someni mpaka mwisho ndio muulize.

Hili ni la maji meupe tu. Masika ikipiga na mto Sabaki ukimwaga udongo mpaka ghuba yote imebadilika rangi, samaki anafuata harufu, hapo tumia mshipi mnene na ngisi anayenuka, haya mengine yaache.

1. Mahali: nje ya mbuga ya bahari ya KWS (Shirika la Wanyamapori). Mchanga na nyasi za bahari kando ya miamba.

2. Siku: maji mafu (bahari haijai wala haitoki sana) au siku mbili tatu baada yake. Bamvua, bahari ikijaa na kutoka sana, mkondo unakimbia mno.

3. Toka alfajiri, jua likipanda sana anajificha.

4. Mshipi mkuu 0.60 mm, mwisho funga pima moja (urefu wa mikono miwili ikinyooshwa) ya 0.30. Ukipata flurokaboni ni bora manake majini haionekani sana, ila nailoni ya kawaida pia yafaa. Fundo lilowe mate kabla hujalikaza, ukikaza kavu nailoni inapata joto na itakatikia hapo hapo.

5. Chambo: kamba wabichi waliomenywa, au kaa mdogo. Ficha ndoana, ncha tu ionekane.

6. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, someni polepole. Changu anakula chini, anatafuta kaa, kamba na makome, na kitu chochote kidogo kikiinuka mchangani kinachukuliwa na mkondo, kinaenda nao. Sasa wewe unatia chubwi nzito, chambo kinagota chini hakiendi popote, halafu kila chombo kikipanda wimbi chambo nacho kinaruka juu, changu anakuja, anatazama, anageuka. Njaa anayo, ila kile si chakula anachokijua. Tumia risasi ndogo kabisa ambayo bado inafika chini, iwe na tundu mshipi upite ndani, izuiwe na swivo (kiungo kinachozunguka) juu ya ile pima moja, ili samaki akivuta asihisi uzito. Tia nanga upande mkondo unakotoka, achia mshipi kidogo kidogo, ulegee ila usipoteze kuhisi. Kikifika chini kiache kiende pima nyingine, simamisha, achia tena. Na mkondo haukai mmoja, maji yakianza kujaa unaenda polepole, katikati unakaza, mwisho unalegea, kwa hiyo beba risasi za uzito tatu nne na ubadilishe. Uvivu wa kubadilisha risasi ndio unawarudisha watu mikono mitupu.

ONYO: usizungushe mshipi mkononi! Akija kolekole, samaki mwenye nguvu, badala ya changu, nailoni inakata mpaka ndani. Vaa vidoleni vipande vya tyubu ya baiskeli. Na ukimpata bunju, yule samaki anayejivimbisha, usimle, sumu yake haiishi kwa kupikwa.

7. Akidona usivute. Ngoja mshipi uende, ndio ukaze.

8. Wadogo warudishe.

MASWALI

Chubwi ya gramu ngapi?
– Soma namba 6. Mkondo wa siku hiyo ndio unaamua.

Ndani ya mbuga si kuna changu wakubwa, mtu akiingia usiku je?
– Hapana. Pale kuvua ni marufuku, ni mbuga tangu 1968, na hao wakubwa ndio wanaozaa hawa unaowavua nje.

Kaka unatuficha, si utaje mwamba wenyewe.
– Sijaficha kitu. Nikitaja mwamba mmoja, kesho vyombo vyote viko juu yake na wiki ijayo hakuna samaki. Nimekupa alama za mahali, tafuta.

Shikamoo ami. Upepo ukienda huku na maji kule, mshipi wangu unaingia chini ya mtumbwi, nifanyeje?
– Marahaba mwanangu, umeangalia vizuri. Mtumbwi unatii upepo, mshipi unatii maji. Hamia omo (mbele), achia mshipi ubavuni mbali na kamba ya nanga. Usije ukahamishia nanga tezi (nyuma), wimbi litaingia ndani. Bora zaidi ngoja maji yageuke, upepo na mkondo vikienda pamoja kazi inakuwa nyepesi.

Shemeji yangu yuko Nyeri, kule wanavua trauti kwa nzi wa manyoya. Ni maarifa haya haya?
– Msingi ni huo huo, nafurahi umeuliza. Trauti aliletwa, wa kwanza walitiwa mto Gura kule Aberdare mwaka 1905. Mito ile ni ya baridi na maji yake meupe, samaki anakaa akiangalia mto unakotoka, anangoja chakula kiletwe. Mvuvi anamtupa nzi upande mto unakotoka, mbele ya samaki, na kumwacha aelee kwa kasi ya maji yenyewe. Mshipi ukivutwa na mkondo wa katikati, nzi anakokotwa na trauti hamgusi, ndio maana wanaunyanyua mshipi na kuulaza tena upande wa juu ili ulegee. Muulize shemeji akuonyeshe hapo tu, utajifunza mengi.

Jana tasi kanichoma kidole, bado kinawaka.
– Pole. Kitie kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasikuunguze, joto linapunguza maumivu. Uvimbe ukipanda mkononi nenda hospitali. Na tasi anakula mwani, kwa mshipi utapoteza siku, mtegee dema (mtego wa kikapu).