SOMO: Enjelifishi na samaki wadogo kwenye tangi moja, kwa sisi wa Arusha na Moshi

Swali ni lile lile kila wiki: "Enjelifishi wangu atawala neoni?" (neoni ni wale samaki wadogo wembamba wanaong'aa). Naandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza asome.

Jibu lenyewe ni hili: atamla yeyote anayeenea mdomoni. Enjelifishi ni samaki wa mto Amazon, wa ukoo mmoja na perege na sato, na huko kwao samaki wadogo ni chakula chake cha halali. Hana ubaya wowote anapowala. Kazi ya mfugaji ni kuhakikisha kwamba ndani ya tangi hakuna wa kuenea mdomoni, leo na mwakani.

1. Tangi. Lita 200 kwenda juu kwa kundi la watano au sita, na kimo kisipungue sentimita 45. Akikomaa, kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini anapita sentimita 20.

2. Hita. Arusha ni lazima. Kadiria wati moja kwa lita na ushike nyuzi 26 hadi 27. Moshi kuna joto zaidi, lakini Juni na Julai usijidanganye.

3. Maji. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima klorini itoke, au tumia dawa ya kuiondoa.

4. Kukomaza tangi. Wiki nne hadi sita filta ikifanya kazi, ili bakteria wazaliane wa kugeuza amonia ya kinyesi iwe nitriti, kisha nitrati. Sisi wa chini ya Meru hatuna nafasi ya kuharakisha. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano, mengi yana alikali (ndiyo hayo hayo yenye floridi inayotia meno rangi ya kahawia), na amonia kwenye maji ya alikali ni sumu kali kuliko kwenye maji ya asidi. Kiasi ambacho mtu wa mahali pengine anaponea, wewe kitakuulia samaki.

5. Wenza. Wanaofaa: koridora (sita na zaidi, wanakaa chini), pleko mdogo mwenye ndevu, tetra wenye mwili mpana, plati wakubwa. Wasiofaa: gapi, maana ni wadogo na mikia yao inachezacheza mbele ya macho ya mwindaji, na taiga babi, wale wa milia minne myeusi, ambao watamnyofoa enjelifishi mapezi mpaka abaki vijiti. Uduvi wadogo wa mapambo sahau.

6. Nani anaingia kwanza. Hapa ndipo matangi mengi yanapoharibika, soma mara mbili. Wadogo WANATANGULIA. Neoni wa dukani mara nyingi ana sentimita mbili tu na ni mwembamba. Mlishe miezi miwili mitatu mpaka akaribie sentimita tatu na nusu na ajae tumbo. Hapo ndipo ununue enjelifishi wachanga, mwili usiozidi sarafu ya shilingi 200. Enjelifishi aliyekua akiwaona hawa tangu utoto mara nyingi huwaacha. Aliyekuta tangi ni lake, kisha akaona vitu vidogo vinavyong'aa vinamwagwa kutoka kwenye mfuko, ataanza kula siku hiyo hiyo.

Onyo: kuzoeana hakumfungi enjelifishi mdomo. Yeye anaendelea kukua kwa miezi minane hadi mwaka, neoni amebaki pale pale. Wakianza kupungua mmoja mmoja na huoni mzoga, usikimbilie dawa za magonjwa. Wanaliwa, na zaidi alfajiri, wadogo wakiwa bado wamezubaa gizani.

Onyo jingine: usinunue neoni wapya kuziba pengo. Ni wadogo kuliko waliotangulia, na mwenye tangi sasa ni mkubwa. Kama una neoni na hutaki kupoteza hata mmoja, usinunue enjelifishi. Nasema hivi kwa sababu neoni naye ana uhai.

7. Chakula. Kidogo, mara mbili kwa siku. Mwenye njaa huwinda zaidi.

8. Usafi. Badilisha robo ya maji kila wiki, mapya yawe na joto lile lile.

MASWALI

Mdau wa Njiro: Mkuu, nina enjelifishi wawili wakubwa. Naweza kuongeza neoni kumi?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Mdau wa Njiro: Nimesoma, ila wangu ni wapole sana. Na YouTube nimeona wanakaa pamoja vizuri tu.

Mwandishi: Kaka, mpole na mkali wana mdomo wa ukubwa mmoja. Hiyo video ulionyeshwa siku gani, ya kuwaingiza au ya mwaka mmoja baadaye? Waongezee koridora.

Mdau wa Majengo, Moshi: Samahani mwalimu, mimi ni mgeni kwenye haya mambo. Enjelifishi wangu sita wameishi kwa amani muda mrefu. Sasa wawili wamejitenga kona ya filta na wanawafukuza wote, hata koridora. Wameugua?

Mwandishi: Hawajaumwa dada, hongera, wamechaguana. Angalia bomba la filta au jani pana lililosimama: utaona wanalisafisha kwa mdomo, kisha mayai yanapangwa kwa mistari. Yataanguliwa baada ya siku mbili tatu, na vifaranga wataanza kuogelea kama wiki moja mbele. Katika kipindi hicho jozi hukasirikia kila kiumbe. Usiwalaumu koridora pia, wao wakipata nafasi usiku hula mayai. Ukiwa na tangi la pili, hamishia jozi huko. Kama huna, weka mimea mirefu katikati ili waliobaki wasionekane, nao watatulia. Wakila mayai ya kwanza usivunjike moyo, jozi changa hufanya hivyo mara nyingi. Tuletee habari.

Mdau wa Usa River: Nimepata wale wa njano wa Ziwa Tanganyika. Nichanganye?

Mwandishi: Hapana. Ziwa lile pH yake (kipimo cha asidi na alikali) inakaribia 9, na wanagombania mawe. Ila ndugu yangu, hao ni samaki wa nchi yetu na watu wa nje wanawanunua kwa bei kubwa. Wape tangi lao lenye mawe, maji yetu ya alikali yanawafaa kuliko yanavyomfaa enjelifishi.

Mdau wa Sakina: Kwa hiyo hayo maji tunayafanyaje? Nimepima pH 8.2.

Mwandishi: Swali zuri. Enjelifishi wa dukani ni wa kuzalishwa, wengi huvumilia 8 mradi isipande na kushuka. Ukitaka kuishusha, kinga maji ya mvua wakati wa masika. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, kisha changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Mvua tupu usitumie, haina madini ya kushikilia pH. Ukipata majani makavu ya mkungu kutoka Tanga, mawili matatu yanatia maji rangi ya chai na kuyalainisha kidogo. Amazon yenyewe ina maji ya namna hiyo sehemu nyingi.

Mdau wa Moshono: Umeme ukikatika usiku wa Julai?

Mwandishi: Blanketi kuzunguka tangi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ielee juu, usiwalishe. Umeme ukikawia saa nyingi, fungua filta kabla ya kuiwasha na usuuze sponji kwa maji ya tangi, kwani ndani yake maji yameoza.

Mdau wa Rau, Moshi: Naongezea: pampu ndogo za hewa za kuchaji kwa waya wa simu zipo. Yangu naiunga kwenye pawabenki, inapiga mpaka asubuhi.

Mwandishi: Hiyo nunueni kabla ya hita ya pili. Samaki hustahimili ubaridi kwa saa kadhaa, hewa ikiisha hawafiki asubuhi.

Mdau wa Njiro: Koridora wangapi?

Mwandishi: Sita. Hatua ya 5.