Namna ya Kusikiliza na Kuandika Nyimbo za Askari wa Keya kutoka Rekodi za Zamani

Ukipata kwa mara ya kwanza nakala ya rekodi ya askari wa zama za ukoloni wakiimba wimbo wa kutembelea, hamu ya kwanza inayokujia ni kuchukua kalamu na kuandika maneno. Usiandike siku hiyo. Jiulize kwanza askari hao walisimama wapi, mbele ya nani na mbele ya mashine gani, kwa sababu majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuonyesha namna ya kuyasoma maneno yenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu asiye na maabara, mwenye kompyuta ya kawaida, hedifoni nzuri na jioni kadhaa za kutulia. Nimeuelekeza zaidi kwenye nyimbo za Kiswahili za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lililoundwa mwaka 1902 ambalo wazee wetu waliliita Keya kwa kuzitamka herufi zake, KAR.

Anza na karatasi kabla ya sauti. Hifadhi ya Phonogramm-Archiv ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900 na Carl Stumpf, ina rekodi nyingi zilizochukuliwa katika makoloni ya Ujerumani, Afrika Mashariki ikiwamo. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyezunguka nchi zetu na vifaa vyake mwaka 1950 na tena mwaka 1952, alianzisha mwaka 1954 hifadhi ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika Kusini. Unapoandikia hifadhi yoyote ya namna hii, usiombe faili la sauti peke yake. Omba pia picha za jalada, za lebo na za fomu iliyojazwa siku ya kurekodi, hata kama imeandikwa kwa mwandiko mbaya na kwa lugha usiyoijua.

Fomu hiyo inaweza kugeuza maana ya kila kitu. Kati ya mwaka 1915 na 1918, tume ya Kijerumani iliyokuwa na Wilhelm Doegen ilizunguka kambi za wafungwa wa vita ikirekodi sauti zao, na miongoni mwa wafungwa hao walikuwamo Waafrika waliopigana upande wa Ufaransa. Kila aliyerekodiwa alijaziwa karatasi ya jina, umri, mahali alipozaliwa na kazi yake, na mara nyingi maneno yaliandikwa kabla hayajaimbwa. Unachokisikia hapo, basi, ni maneno yaliyofanyiwa mazoezi, yakiimbwa ndani ya pembe ya mashine na mtu aliyefungwa, ambaye hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Katika maelezo yako andika hivyo hivyo, kwamba aliimba akiwa mateka. Kuiita rekodi hiyo "wimbo wa gwaride" na kuishia hapo ni kumwongopea msomaji.

Baada ya karatasi, mashine. Rekodi za mwanzo zilichorwa kwenye silinda za nta, na silinda moja ilichukua dakika chache tu. Santuri za baadaye, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilitosha dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Kwa hiyo wimbo unaokatika ghafla katikati ya kiitikio haukuishia hapo: nta ndiyo iliyoisha. Usiandike "mwisho wa wimbo" bali "mwisho wa silinda". Vivyo hivyo, wimbo ambao njiani ungeimbwa kwa saa nzima, manju, yaani kiongozi wa wimbo, akibuni mistari kadiri jua linavyopanda, mbele ya mashine ulibanwa ukawa beti tatu au nne, na inaelekea kwamba beti zilizochaguliwa ni zile ambazo mkubwa aliyekuwapo asingezichukia.

Kasi ya silinda haikuwa thabiti, na hapa wengi hukosea. Watu wa Berlin waliwaelekeza warekodi wao wapulize mwanzoni mwa silinda kifilimbi chenye sauti ya mitetemo 435 kwa sekunde, ili baadaye msikilizaji aweze kurudisha kasi ya asili. Ukisikia mlio mmoja mwembamba kabla ya kuimba kuanza, usiukate ukidhani ni kelele. Upime kwa programu ya sauti kama Audacity, kisha rekebisha kasi ya nakala yako hadi mlio huo ufikie 435. Tofauti ndogo ina athari kubwa: kasi ikizidi kwa asilimia 6 hivi, sauti zote hupanda nusu toni, na mwendo wa hatua 112 kwa dakika huonekana kuwa 119. Mlio usipokuwapo, iache kasi kama ulivyoipokea na useme kwamba haikuhakikiwa. Usijaribu kuilazimisha ifikie hatua 120 kwa dakika kwa kuwa umesoma kwamba huo ndio mwendo wa kawaida wa gwaride la Kiingereza. Askari mwenye bunduki, mzigo na maili nyingi mbele yake hakutembea kama aliye uwanjani siku ya ukaguzi.

Jambo jingine la kifundi, nalo ni fupi: jiepushe na kitufe cha kuondoa kelele. Mkwaruzo wa nta uko karibu sana na sauti za s, sh na f, na programu inapoufuta huondoka nazo, nawe ukabaki na irabu tupu za kukisia.

Sasa sikiliza wimbo wote mara tatu bila kuandika neno. Mara ya kwanza fuatilia miguu. Je, unasikia hatua? Zikiwapo, zinasogea, yaani sauti inakaribia na kufifia, au watu wanakanyaga mahali pamoja? Mara ya pili mtenge manju na waitikiaji: nani anaanza, wangapi wanapokea, kiitikio kinaingia kabla manju hajamaliza au kinamsubiri? Askari waliozoea kutembea pamoja hupokea juu ya pumzi ya manju, bila mwanya. Waliokusanywa kwa ajili ya mashine mara nyingi humwacha amalize kwanza. Mara ya tatu sikiliza visivyo wimbo, yaani kikohozi, kicheko, amri inayotolewa kwa sauti ya chini. Kicheko baada ya mstari fulani ni ushahidi kwamba mstari huo una jambo, hata kama maneno yake yanaonekana ya kawaida kabisa.

Kisha chukua kalamu, lakini chora hatua kwanza. Nitachukua mfano wa wimbo wa Keya unaojulikana kuliko zote: "Funga safari, funga safari. Amri ya nani? Amri ya Bwana Kapteni, amri ya Keya." Andika mstari mmoja, weka alama chini ya kila silabi inayoangukiwa na mguu, na alama tofauti juu ya silabi ambayo msemaji wa kawaida angeikazia. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunatarajia FU-nga, sa-FA-ri, A-mri, NA-ni. Alama za juu na za chini zikikutana mstari hadi mstari, maneno na mwendo vilizaliwa pamoja. Mguu ukiangukia silabi isiyokaziwa, simama hapo, kwani huenda jina limepachikwa mahali pa jina jingine, au sauti ya wimbo imetoka kwingine, kwenye tenzi za kanisani au bendi ya Wazungu, na maneno yakafuata baadaye.

Katika mfano huo, tazama pia nafasi ya jibu. Swali "Amri ya nani?" ni mlango ulio wazi, na yeyote aliye mbele anaweza kupitishwa hapo: kapteni leo, meja kesho. Unapokutana na nakala mbili zenye majibu tofauti, usitafute iliyo "sahihi". Ziandike zote mbili, na kwa kila moja useme nani alikuwapo. Kwa maoni yangu huo ndio uhai wa nyimbo hizi, maana swali linaulizwa na watu ambao jibu wanalijua vizuri mno, nao wanaliimba wakiwa na mzigo begani.

Kuhusu maneno yenyewe, sheria ni moja: andika unachosikia, si kile ambacho mwalimu wako wa sarufi angetaka. Kiswahili cha Keya kilikuwa lugha ya kambi, kikizungumzwa na Mkamba, Myao, Mwacholi na Mnyamwezi pamoja na maofisa waliokijua nusunusu. Utasikia "hapana kwenda" mahali pa "hatuendi", na "sisi nakwenda" bila kiambishi chake. Ukisanifisha, mistari hupata silabi za ziada na hatua zinavurugika, mbali na kwamba unafuta alama za watu wenyewe. Weka Kiswahili sanifu kwenye safu ya pembeni ukipenda. Tarajia pia lugha nyingine, kama Kinyanja katika batalioni za Nyasaland (Malawi ya sasa), na Kinubi, Kiarabu cha makambini walichokuja nacho askari wenye asili ya Sudani.

Majina ya vyeo yanasaidia kukadiria umri wa wimbo. "Shaushi" na "ombasha" yametoka kwa Waturuki kupitia jeshi la Misri na askari wa Sudani, na yalitumika sana katika jeshi la Wajerumani. "Sajini" na "koplo" ni ya Waingereza. Neno "efendi" lisikupotoshe, kwa sababu lilirudishwa katika Keya miaka ya 1950 kuwa cheo cha Waafrika. Wala mpaka kati ya majeshi hayo mawili haukuwa ukuta: batalioni ya 6 iliundwa mwaka 1917 kwa kuwachukua pia askari wa Wajerumani waliokuwa wametekwa, na hawakuziacha nyimbo zao mlangoni. Lakini ule wimbo wa Kijerumani uitwao Heia Safari, ambao maneno yake yaliandikwa na Mjerumani, uweke mbali na orodha yako, hata kama jina lake linakuvutia.

Majina ya mahali nayo yanataka sikio la subira. Niliwahi kuandika mstari mmoja "twenda boma", nikaufafanua kwa ukurasa mzima kwamba askari wanarudi kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Mzee mmoja aliyewahi kuwa Keya alisikiliza mara moja tu, akatikisa kichwa: "Mwanangu, si boma. Ni Bama." Bama ni Burma, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944 katika bonde la Kabaw. Ukurasa wangu ukaenda na maji. Tangu hapo, kila neno lililofifia huliandika kwa namna zote linavyoweza kusikika, na kuweka alama ya kuuliza. Habeshi, yaani Ethiopia, huelekeza kwenye vita vya 1941, na Madagaska kwenye 1942, lakini kumbuka kwamba jina jipya linaweza kupachikwa katika wimbo mkongwe. Tarehe ya rekodi, tarehe ya jina na tarehe ya wimbo ni vitu vitatu, na kila kimoja kinastahili safu yake.

Wa kuwauliza bado wapo, ingawa wanapungua. Aliyeandikishwa mwaka 1958 akiwa na miaka 18 alizaliwa mwaka 1940. Mwendee kwa adabu, mchezeshee rekodi bila kumtajia unachodhani inasema, na mwache aimbe kabla hujamuuliza swali. Wajukuu nao wana msaada wao: aliyepitia mchakamchaka shuleni au Jeshi la Kujenga Taifa hutambua upesi mahali pa kupokea, na mjuzi wa beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, anaweza kukuonyesha mstari uliotoka kambini ukaingia uwanjani, au kinyume chake. Ila usizicheze nyimbo hizi ovyo kila mahali. Kwa familia iliyochomewa nyumba wakati wa Maji Maji, au iliyopekuliwa usiku katika miaka ya Mau Mau, sauti ya askari wakiimba njiani si burudani. Eleza kwanza ni rekodi gani, na subiri uruhusiwe.

Ukishamaliza, hifadhi nakala ya sauti uliyoipokea bila kuigusa, nyingine uliyorekebisha kasi pamoja na kiasi ulichorekebisha, na andiko lako la kwanza lenye makosa yake yote na tarehe yake. Masahihisho ya wazee yaandike kwenye karatasi ya pili, kila moja likiwa na siku uliyolipata, ili anayekuja baada yako aone ni wapi "boma" iligeuka kuwa "Bama".