Kufunga taa za ziada kwenye pikipiki ili uonekane mchana

Taa kubwa ya pikipiki kazi yake ya asili ni kummulikia dereva njia usiku. Taa za ziada zinazozungumziwa hapa zina kazi nyingine: kumfanya mwenye gari anayesubiri kukata kulia mbele yako atambue, jua likiwaka, kwamba unakuja na kwamba uko karibu kuliko anavyodhani. Kwa sababu hiyo haziteuliwi, hazipangwi wala hazielekezwi kama taa za usiku, ingawa spoti nyingi zinazofungwa kwenye bodaboda za Arusha na Moshi hufungwa kana kwamba mwenye chombo anatafuta swala gizani.

Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali za pikipiki zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles. Katika ajali zilizohusisha chombo kingine, takribani theluthi mbili zilitokana na dereva wa chombo hicho kuinyima pikipiki haki yake ya njia, mara nyingi kwa kukata mbele yake. Marekani wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo anayekata huko anaelekea kushoto. Kwetu hatari ni ya yule anayekata kulia kuingia kituo cha mafuta au njia ya mtaani. Malaysia ilianzisha kampeni ya kuwasha taa za pikipiki mchana mwaka 1992, na watafiti wa huko walikadiria kwamba ajali zinazotokana na kutoonekana zilipungua kwa asilimia 29 hivi. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, ulihusisha taa iliyowashwa mchana na upungufu wa hatari wa asilimia 27, kofia ngumu nyeupe na asilimia 24, na mavazi ya kung'aa na asilimia 37. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu, basi, aanze na kizibao cha kung'aa, halafu arudi kwenye taa mfuko ukiruhusu.

Msingi wa yote yanayofuata ni huu. Gari linapokuja, jicho hupima kasi yake kwa jinsi umbo lake linavyotanuka. Pikipiki ni nyembamba, na taa moja iliyo katikati ni nukta ambayo haitanuki kwa kiasi cha kutambulika mpaka imeshafika. Ukiongeza taa mbili ndogo, chini ya taa kubwa na mbali moja na nyingine, unapata pembetatu. Kadiri unavyosogea, nafasi kati ya taa hizo inapanuka, na anayekutazama anapata kipimo ambacho taa moja haimpi. Ndiyo maana upana una thamani kuliko wati. Taa mbili za wati 10 zilizotengana kwa sentimita 50 zitakufaa mchana kuliko mbili za wati 40 zilizobanwa pamoja chini ya usukani.

Mwanga wa siku nao haufanani saa zote. Simama kituoni Kikatiti saa moja asubuhi, siku isiyo na mawingu, ukitazama upande wa Moshi. Jua liko chini kabisa juu ya lami, na kila pikipiki inayotokea huko ni kijiti cheusi tu, bila rangi ya koti wala ya tangi, na huwezi kuamua kwa haraka kama inatembea au imesimama pembeni. Dereva wa Coaster anayetoka Arusha anaona hivyo hivyo, tena kupitia kioo chenye vumbi. Barabara kati ya miji hii miwili inakwenda kwa ujumla mashariki na magharibi, kwa hiyo asubuhi anayeendesha kutoka Moshi kwenda Arusha amelipa jua kisogo na wanaomkabili limewapiga machoni; jioni baada ya saa kumi na moja, balaa linamgeukia anayetoka Arusha kwenda Moshi. Kanuni rahisi ni kutazama kivuli chako: kikiwa kirefu na kimelala mbele yako, wanaokuja hawakuoni vizuri. Taa husaidia hapo, lakini hazishindani na jua, hivyo punguza mwendo karibu na kila njia panda. Faida yake kubwa utaiona penye mwanga hafifu, kama vile mawingu mazito ya Juni na Julai, manyunyu ya Ngaramtoni, ukungu wa Kibosho, na barabara za Marangu ambako migomba na miti hukata lami vipande vya kivuli na jua.

Kuchagua taa

Nunua taa za LED za volti 12, zenye wati 10 hadi 15 kila moja na kioo kinachotawanya mwanga kwa upana. Zile zinazorusha mwale mwembamba wa kufika mbali hazifai kwa kazi hii, kwa sababu dereva anayechungulia kutoka njia ya pembeni pale Sakina au Kiboriloni yuko nje ya mwale huo na kwake taa yako ni kama imezimwa. Namba za wati zinazoandikwa kwenye maboksi ya taa za bei rahisi zisikubabaishe. Mwombe fundi apime kwa mita taa inavuta ampea ngapi, kisha zidisha kwa volti. Rangi iwe nyeupe au ya manjano. Manjano hukutofautisha na magari ambayo nayo siku hizi huwasha taa nyeupe mchana, lakini isikae jirani na indiketa. Nyekundu kwa mbele, buluu na taa za kumetameta ziache: zinafanana na za magari ya dharura, zitakugombanisha na trafiki, na kumetameta kunamnyima anayekutazama kile kipimo cha umbali ulichokusudia kumpa.

Kupanga na kufunga

Mahali pazuri ni kwenye bampa ya pembeni inayokinga miguu, au kwenye miguu ya shokapu za mbele kama bampa haipo. Tenganisha taa kadiri inavyowezekana bila kupita upana wa usukani, maana kitakachotokeza nje ya usukani kitang'olewa siku ya kwanza utakapopenya kwenye foleni. Kila taa iwe mbali na indiketa angalau kwa upana wa kiganja, kwa sababu taa nyeupe iliyowaka kando ya indiketa huimeza, na utajikuta umeonekana vizuri huku hakuna anayejua unaelekea wapi. Taa kubwa nayo lazima ibaki imewashwa. Ikizimika na zile mbili za chini zikabaki peke yake, hasa jioni, anayekuja mbele ataona gari lililo mbali badala ya pikipiki iliyo karibu, na kwa kosa hilo ataamua kuovateki.

Kwenye umeme ndiko kazi nyingi za vijiweni zinakoharibikia, kwa hiyo usione haya kusimama karibu na fundi. Pikipiki ndogo kama Boxer na TVS zina mfumo wa volti 12 na uwezo mdogo wa kuzalisha umeme. Taa mbili za wati 10 zinavuta jumla ya ampea 1.7 hivi, mzigo ambao pikipiki yenye mfumo mzima wa kuchaji kwa kawaida inaumudu. Mbili za wati 40 zinavuta karibu ampea 7, na hapo betri itaanza kulia. Tena, kwenye baadhi ya pikipiki taa kubwa hailishwi na betri bali moja kwa moja na koili iliyo ndani ya injini. Dalili yake ni taa kufifia injini ikiwa sailensi na kung'aa ukivuta mafuta. Ukiunga LED kwenye waya huo itapepesa na huenda ikaungua, na wengi hulaumu taa kuwa ni feki wakati kosa ni la waya.

Chukua umeme kwenye chanya ya betri, ukiweka fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na betri, si karibu na taa; waya ukichubuka katikati ya safari, fyuzi iliyo mwisho wa njia haitakuokoa na moto. Kutoka kwenye fyuzi waya uingie kwenye rilei (swichi inayofungwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa), mguu namba 30, na mguu namba 87 upeleke umeme kwenye taa. Mguu namba 86 uungwe na waya unaopata umeme ufunguo unapowashwa tu, kama ule wa honi, na namba 85 uende hasi. Wapo mafundi watakaokwambia kwamba kwa mzigo mdogo hivi rilei ni anasa. Ni kweli swichi nzuri ingebeba ampea mbili, lakini mpango huu unazizima taa pamoja na ufunguo, nawe hutakuta betri imekufa asubuhi. Weka pia swichi ndogo kwenye usukani, kati ya ufunguo na mguu 86, ili uweze kuzizima usiku. Hasi ya taa iende kwenye hasi ya betri badala ya kufungwa kwenye chuma kilichopakwa rangi. Viungo vichomewe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, kwani tepu peke yake haimalizi masika. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto kabla ya kubana waya, na hakikisha haukaribii ekzosi.

Kazi ikiisha, washa injini na taa zote, vuta mafuta kiasi, kisha pima kwenye betri. Kati ya volti 13.5 na 14.5, mambo ni shwari. Zikishuka chini ya 12.6 huku injini inazunguka vizuri, betri inaliwa: punguza wati au tafuta tatizo la kuchaji.

Kuelekeza na kujaribu

Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, wewe ukiwa umekaa na abiria amekaa nyuma, kwa kuwa mzigo wa nyuma huinua pua. Achilia mbali mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ambayo hairuhusiwi. Hata mkungu mmoja wa ndizi unatosha kubadili mwelekeo. Pima urefu wa taa kutoka chini, weka alama ya urefu huo ukutani, halafu inamisha taa mpaka kitovu cha mwanga kiwe sentimita 5 hadi 10 chini ya alama. Kwa mteremko huo mwanga hautampiga dereva machoni, na bado ataiona taa yenyewe, ambalo ndilo lengo.

Jaribio la mwisho lifanywe barabarani, na si wewe wa kuendesha. Mwombe mwenzako aje na pikipiki yako kutoka mita 200 hivi, kwanza taa za ziada zikiwa zimezimwa, kisha zimewashwa, nawe ukae kwenye kiti cha dereva wa gari lililosimama pembeni. Angalia ni wapi unapoanza kukadiria kasi yake bila kubahatisha. Halafu sogeza gari kwenye mdomo wa njia ya pembeni, mrudie tena, safari hii akiwasha indiketa. Kama hukuiona indiketa mapema, zisogeze taa.

Giza likiingia, zizime taa za ziada au ziache tu pale ambapo barabara haina anayekuja mbele, maana mwanga mpana unaovumilika mchana ni kero usiku. Baada ya wiki ya kwanza kaza nati zote upya, kwa kuwa rafu ya barabara za vumbi za Moshono na Pasua huzilegeza, na ni bora kutumia nati za kujifunga zenyewe. Matope yafute kwenye vioo vya taa kila unapojaza mafuta. Masika yakimalizika, fungua viungo vya waya. Ukikuta kutu ya kijani, kata kipande hicho na kuunga upya badala ya kukisugua.