Jinsi ya Kuhamisha Darasa Moja Kutoka Kitabu cha Karatasi Hadi Kishikwambi

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu wa shule za umma katika kaunti za Kisumu, Vihiga na Kakamega, hasa wale ambao shule zao zina vishikwambi lakini bado havijaingia katika ratiba ya masomo. Mimi hufundisha katika uwanda wa Kano, si mbali na Ahero. Mpango wa serikali wa mafunzo ya kidijitali ulioanza mwaka 2016 ulifikisha zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi kote nchini, na shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo ilipata fungu lake. Kwa kuhofia wizi, tulivifungia stoo. Tulipovitoa baada ya mihula kadhaa, betri nyingi zilikuwa zimekufa, na nyingine zilikuwa zimevimba hadi mifuniko ya nyuma ikabanduka. Watoto walijazana dirishani wakitutazama tukivirudisha ndani ya masanduku, na sikuwa na la kuwaambia.

Tangu siku hiyo mimi huanza mipango na stima, kabla hata ya kuuliza ni programu ipi itatumika. Hesabu yake si ngumu. Kishikwambi cha kawaida chenye betri ya mAh 5,000 huhitaji takriban wati-saa 20 ili kujaa, kwa hiyo vishikwambi 20 vilivyokwisha chaji kabisa hutumia karibu nusu uniti, yaani nusu ya uniti moja miongoni mwa zile unazonunua kwa tokeni. Mwalimu mkuu akiiona hesabu hiyo kwenye karatasi, hofu ya bili hupungua. Shule isiyo na stima inaweza kutegemea paneli ya sola ya wati 200 pamoja na betri ya kuhifadhi inayolingana nayo, kwani jua la muda wa saa tano hutosha vishikwambi hivyo hata ukiondoa nguvu inayopotea njiani. Chajini asubuhi, na mchomoe kila kitu ukutani kabla ya mvua ya alasiri, maana ngurumo zikianza kusikika upande wa milima ya Nandi, radi moja inaweza kuunguza chaja zote zilizo kwenye ekstensheni moja. Shule zikifungwa kwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, viacheni vikiwa na chaji kiasi cha nusu, vimezimwa, katika chumba kisicho na joto kali. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi miwili mara nyingi haiamki tena.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba masomo yamo ndani ya shule yenyewe. Kila mtoto akitegemea mtandao ili kufungua ukurasa, somo litakatika bando likiisha, na bando huisha katikati ya kipindi. Njia ninayoipendekeza ni kutumia tarakilishi moja, hata kuukuu, au kile kijitarakilishi cha Raspberry Pi kinachotoshea kiganjani, kisha kuweka ndani yake programu ya Kolibri, ambayo ni ya bure na ilitengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na intaneti. Unapakua masomo mara moja, pengine usiku mmoja mahali penye mtandao wa kasi mjini Kisumu, kisha unakirudisha kifaa shuleni na kukiunganisha na ruta. Vishikwambi vyote darasani vitasoma kutoka hapo kwa Wi-Fi bila kutumia hata shilingi moja ya bando. Kwa maudhui yanayofuata mtaala wetu, anza na hifadhi ya kidijitali ya KICD, ambayo ndiyo taasisi inayoidhinisha vifaa vya kufundishia nchini. Kwa usomaji wa watoto wadogo, mradi wa African Storybook una hadithi zenye leseni huria kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za Kenya. Usipige picha kurasa za kitabu cha kiada na kuzisambaza kwa darasa zima. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hairuhusu hilo, na picha zenyewe hazisomeki vizuri.

Sasa chagua somo moja, gredi moja, na mada moja. Hapa ndipo walimu wengi hukosea, kwa kuwa hutaka kuhamisha kitabu kizima kama kilivyo, ukurasa kwa ukurasa, hadi kwenye kioo. Jiulize ni mada ipi ambayo kitabu hakiwezi kuionyesha. Mimi nilichagua mzunguko wa damu. Kitabu kilikuwa na mchoro wa moyo wenye mishale myekundu na ya bluu, na kila mwaka wanafunzi waliikariri mishale bila kuelewa inaelekea wapi na kwa nini. Siku ya kwanza ya kutazama moyo ukidunda kwenye vishikwambi, jua lilikuwa likiingia moja kwa moja kupitia madirisha yetu yasiyo na pazia, na vioo vikawa havisomeki. Msichana mmoja wa dawati la pembeni alivua sweta yake, akajifunika kichwa pamoja na kishikwambi, na wenzake wawili wakaingiza vichwa humo. Kutoka chini ya sweta nikasikia sauti: "Mwalimu, kumbe huo mlango wa moyo hufunga damu isirudi!" Mwaka huo hakuna aliyelazimika kukariri mishale. Nami nilijifunza kugeuza madawati ili migongo ya watoto isielekee dirishani, jambo ambalo sikuwa nimeliona katika mafunzo yoyote niliyohudhuria.

Kwa usomaji mrefu, bakini na karatasi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kwamba watu huelewa matini ya maelezo vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa wanapobanwa na muda. Uswidi, iliyotangulia kujaza skrini madarasani, ilitenga fedha mwaka 2023 kununua tena vitabu vya kuchapishwa. Kwa hiyo ufahamu na usomaji mwingine mrefu ufundishwe kwa kitabu, na kishikwambi kitumike pale ambapo kitu kinatembea, kinasikika, au kinahitaji mazoezi yanayosahihishwa papo hapo. Ukiwa na vishikwambi vichache, wape watoto watatu kimoja, na uwabadilishe anayeshika kila dakika kumi, la sivyo mtoto mwenye nguvu atakishika kipindi kizima.

Mambo ya usalama hayahitaji maneno mengi: kabati la chuma, kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti, namba iliyoandikwa kwa wino usiofutika nyuma ya kila kifaa, na daftari la kuchukua na kurudisha. Programu yoyote inayotaka majina au picha za wanafunzi isitumike kabla ya wazazi kutoa idhini, kama inavyotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Waiteni wazazi mapema, wavishike vifaa wenyewe.

Kazi ya nyumbani ibaki kwenye daftari na kitabu. Shule zilipofungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021, watoto wenye simu kubwa nyumbani waliendelea kupokea kazi, na wale ambao mzazi wao alikuwa na kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, peke yake, au hakuwa na simu kabisa, walirudi wakiwa wameachwa nyuma sana. Nina majina yao katika rejista ya mwaka ule. Mwishoni mwa muhula, wape wanafunzi jaribio lilelile ulilowapa wa mwaka uliotangulia kwa mada hiyo, linganisha alama, na upeleke karatasi zote mbili mbele ya bodi ya shule kabla ya kuomba fedha za mada ya pili.