Jinsi ya kusoma sanamu kwenye majengo ya tao (katikati ya jiji la Nairobi)

Anza na maktaba ya McMillan, Banda Street, hapo karibu na Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa 1931, Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe. Usikimbilie ngazi, simama ng'ambo ya barabara kwanza (chunga bodaboda) ucheki wale simba wawili wa mawe, mmoja kila upande, hawajawekwa hapo kama urembo tu, kwa mtindo huu wa Kigiriki na Kirumi simba ni mlinzi, maana yake ndani kuna kitu cha thamani, yaani vitabu.

Halafu angalia vichwa vya nguzo, hii ndiyo siri ya mtindo huo: kikiwa plain ni Doriki, kikijikunja kama pembe za kondoo ni Ioniki, kikiwa na majani ni Korintho. Mimi hizo za majani naona ni madoido tu.

Ukikuta mwanamke ameshika mizani na upanga, huyo si mtu fulani, ni Haki yenyewe, kitambaa machoni ni kutopendelea. Soma vitu mkononi kabla ya sura.

Enda jua likiwa chini, saa mbili asubuhi hivi, kivuli kinatoa michongo vizuri. Na ukitoa simu kupiga picha karibu na mahakama, ongea na soja kwanza.