Wadi yako Mombasa ni ipi? Jua hivi kabla hujapanga foleni pale wadi inapoulizwa

Wadi ni kipande kidogo cha sub-kaunti, so wee anza na sub-kaunti, ziko 6 tu: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Kama uko kisiwani basi ni Mvita, hapo hata usijisumbue. Ukivuka feri ni Likoni. Utata uko ng'ambo ya daraja la Nyali, manake watu wa Kongowea na Ziwa la Ng'ombe bado wajiita wa Kisauni na karatasi zasema Nyali, halafu Bamburi, Mtopanga na Shanzu ndo Kisauni yenyewe. Ukishapata hiyo tafuta wadi, zote ziko 30, Jomvu wana 3 tu, Kisauni 7. Ukikwama muulize mzee wa mtaa. Sensa ya 2019 tulihesabiwa 1,208,333, so foleni ni refu, damka mapema.