Kulinda Moyo na Mishipa ili Kuepuka Kiharusi

Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo ni ya mfumo uleule unaosukumwa na moyo, kwa hiyo shinikizo la juu la damu, ambalo huharibu kuta zake kwa miaka mingi bila dalili, linaweza kusababisha mshipa uzibe au upasuke na kuleta kiharusi. Anza kwa kupima. Keti ukiwa umeegemea kwa dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo, usizungumze, kisha pima mara mbili. Vipimo vinavyofikia 140/90 kwa siku tofauti vinahitaji daktari. Mwombe pia akague mapigo, kwa kuwa moyo unaodunda bila mpangilio huweza kutengeneza mabonge ya damu yanayosafiri hadi kichwani, jambo ambalo, kwa maoni yangu, husahaulika mno.

Kwa mlo wa Kigoma, samaki wa chumvi walowekwe na kuoshwa kabla ya kupikwa, chumvi yote ya siku isifike gramu 5, na mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Sigara iachwe kabisa. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, hata kama dalili zimetoweka.